Kabla au Baada? Historia ya Nafasi ya Vifaa vya Modulisheni katika Mnyororo wa Sauti ya Gitaa la Umeme

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kanuni moja inayofundishwa sana kwa wapiga gitaa la umeme: kwamba vifaa vya modulisheni, yaani tremolo, vibrato, feiza, flenja na korasi, viwekwe baada ya vifaa vya mkwaruzo. Kwa kufuatilia mabadiliko ya ala na vikuza sauti nchini Marekani, Uingereza na Japani tangu miaka ya 1940, makala yanaonesha kwamba kanuni hiyo haikutokana na sheria ya sauti pekee. Ilitokana pia na kuhamahama kwa chanzo cha mkwaruzo kutoka hatua moja ya mnyororo hadi nyingine. Aidha, makala yanaonesha kuwa baadhi ya majina ya vifaa hivyo yalikosewa na watengenezaji wenyewe, na kwamba kosa hilo linaweza kuhamia katika istilahi za Kiswahili endapo majina yatakopwa bila uchunguzi. Inapendekezwa kuwa maandishi ya Kiswahili ya kufundishia teknolojia ya muziki yaeleze kazi ya kifaa kwanza, kisha jina lake, kisha nafasi yake.

1. Utangulizi

Maneno "kabla" na "baada" ni maneno ya uhusiano. Hayajitoshelezi mpaka itajwe nomino inayofuata: kabla ya nini, baada ya nini. Katika mafunzo ya gitaa la umeme, hata hivyo, nomino hiyo mara nyingi huachwa. Mwanafunzi huambiwa kwamba modulisheni "hukaa mwishoni" au "huja baada", naye huipokea kauli hiyo kama amri. Akisikiliza rekodi mashuhuri ambazo mpangilio wake ni kinyume cha amri hiyo, hudhani kuwa wapigaji wake walikosea, au kwamba walikuwa na siri ambayo yeye hakupewa. Dhana zote mbili si sahihi.

Katika makala haya, mnyororo wa sauti ni njia ambayo ishara ya umeme hupita kutoka kwenye gitaa hadi kwenye spika. Mkwaruzo ni hali ya ishara kukatwa vilele vyake inapozidi uwezo wa saketi, jambo linalozaa masafa mapya yanayoitwa hamoniki. Modulisheni ni kugeuzwa kwa sifa fulani ya sauti kwa mzunguko unaojirudia: ukubwa wake, kidatu chake, au uwiano wa masafa yaliyomo ndani yake. Kikuza sauti kinagawanywa katika sehemu mbili: hatua ya awali, inayopokea ishara dhaifu ya gitaa na kuipa umbo, na hatua ya nguvu, inayoisukuma spika.

2. Kwa nini mpangilio unaleta tofauti

Kama kusingekuwa na mkwaruzo katika mnyororo, mpangilio wa vifaa vingi ungeleta tofauti ndogo. Mkwaruzo ndio unaobadilisha hesabu, kwa sababu hautendi kwa uwiano: ishara ikiongezwa maradufu mbele yake, kinachotoka nyuma yake hakiongezeki maradufu.

Mfano wa tremolo unalidhihirisha jambo hili. Tremolo hupandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Tuseme kifaa cha mkwaruzo kinapokea ishara iliyozidi kikomo chake mara 10. Tremolo iliyowekwa kabla ikiipunguza ishara hiyo kwa nusu, bado itakuwa imezidi kikomo mara 5, nayo itakatwa karibu palepale. Msikilizaji hatasikia sauti ikizama na kuibuka. Atasikia mabadiliko madogo ya ukali wa mkwaruzo tu. Tremolo ileile ikiwekwa baada ya mkwaruzo, nusu inabaki kuwa nusu, na sauti inazama na kuibuka waziwazi.

Feiza ina mantiki ya aina yake. Kifaa hiki hutengeneza mabonde katika masafa ya sauti, kisha huyasogeza juu na chini. Feiza ya ngazi nne, kwa mfano, hutoa mabonde mawili. Ikiwekwa kabla ya mkwaruzo, mabonde hayo huamua ni sehemu ipi ya sauti itakayokatwa kwa nguvu zaidi, lakini mkwaruzo huzaa hamoniki mpya zinazojaza sehemu ya mabonde yenyewe. Matokeo ni sauti inayogeuka rangi polepole bila kelele kubwa. Ikiwekwa baada, feiza hupokea sauti iliyosheheni hamoniki, na mabonde hupita ndani yake kama jembe katika udongo laini: mwendo husikika kwa ukali na kwa upana.

Kwa hiyo fizikia inaeleza kuwa kuna tofauti. Haielezi ni ipi kati ya sauti hizo mbili iliyo sahihi. Jibu la swali hilo la pili limetolewa na historia.

3. Modulisheni ndani ya kikuza sauti: miaka ya 1940 hadi 1965

Kifaa cha modulisheni kinachotajwa miongoni mwa vya kwanza kabisa kuuzwa peke yake kwa wapiga gitaa ni Tremolo Control ya DeArmond, iliyokuwa ikitumika katika miaka ya 1940. Ndani yake, mota ndogo ilitikisa kichupa chenye kimiminika kinachopitisha umeme. Kimiminika kilipogusa ncha ya waya, sehemu ya ishara ilipotelea ardhini na sauti ikapungua. Kilipoachana nayo, sauti ikarudi. Bo Diddley ni mmoja wa wapigaji waliokifanya kijulikane. Kifaa hicho kilikaa kati ya gitaa na kikuza sauti kwa sababu rahisi: hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Katika lugha ya leo, kilikuwa "kabla" ya kila kitu.

Baada ya hapo tremolo iliingia ndani ya kikuza sauti chenyewe. Kampuni ya Fender ilitoa Tremolux mwaka 1955. Katika kikuza sauti hicho, tremolo ilitokea karibu na mwisho wa mnyororo, baada ya hatua ya awali. Kuanzia mwaka 1963, vikuza sauti vikubwa vya Fender vilitumia taa ndogo ya neoni iliyomulika kinzani chenye hisia ya mwanga. Saketi hiyo iliwekwa baada ya mwangwi wa springi na kabla ya valvu za nguvu. Hivyo, mpiga gitaa wa miaka hiyo hakuchagua mpangilio. Mhandisi alikuwa amekwisha kumchagulia. Tremolo ilikuja baada ya mwangwi, mpangilio ambao miongozo mingi ya leo ungeuhesabu kuwa si wa kawaida.

Hapa ndipo linapoingia suala la majina. Katika istilahi za muziki wa Ulaya, vibrato ni kupanda na kushuka kwa kidatu. Gitaa la Fender Stratocaster lililotoka mwaka 1954 lilikuwa na mkono unaolegeza na kukaza nyuzi, hivyo kubadilisha kidatu. Lakini kampuni iliuita mkono huo tremolo. Kinyume chake, chaneli ya kikuza sauti cha Twin Reverb iliyobadilisha ukubwa wa sauti tu iliandikwa vibrato kwenye paneli yake. Majina mawili yalibadilishana nafasi, na kubadilishana huko kumebaki katika lugha ya wapiga gitaa hadi leo. Kulikuwa na watengenezaji, kama Magnatone mwishoni mwa miaka ya 1950, waliotengeneza saketi zilizobadilisha kidatu kwa kweli na kuziita vibrato kwa haki. Mnunuzi aliyesoma paneli mbili zenye neno moja hakuweza kujua, kwa kusoma tu, kuwa vifaa hivyo vinafanya kazi mbili tofauti.

Mfano wa pili wa modulisheni ya mwisho wa mnyororo ni spika ya kuzunguka ya Donald Leslie, iliyoanza kuuzwa mapema miaka ya 1940 kwa ajili ya ogani. Ndani yake, pembe na ngoma huzunguka, na sauti inapomkaribia na kumwondokea msikilizaji, kidatu na ukubwa wake hubadilika. Wapiga gitaa walipoanza kuitumia katika miaka ya 1960, haikuwezekana kuiweka popote isipokuwa mwishoni kabisa, kwa kuwa ni spika. Mkwaruzo wowote uliokuwa katika gitaa au kikuza sauti ulikuwa umekwisha kutokea kabla sauti haijaifikia pembe inayozunguka. Sikio la wasikilizaji likazoea kwamba modulisheni hupita juu ya mkwaruzo, si chini yake.

4. Fazi na Uni-Vibe: 1962 hadi 1970

Mwaka 1962 ilitoka Maestro Fuzz-Tone, pedali ya mkwaruzo iliyowafungulia njia wengine. Mwaka 1966 kampuni ya Arbiter ya London ilitoa Fuzz Face. Kwa mara ya kwanza, chanzo cha mkwaruzo kilikuwa sandukuni, miguuni mwa mpigaji, na kiliweza kuhamishwa. Swali la kabla na baada likapata maana.

Fuzz Face ilileta pia sababu ya kiumeme. Saketi yake ya transista mbili ina ukinzani mdogo wa kupokea, hivyo huitikia moja kwa moja koili za gitaa. Mpigaji akipunguza sauti kwa kitufe cha gitaa, mkwaruzo hulainika na kuwa karibu na sauti safi. Kifaa kingine kikiingia katikati, mazungumzo hayo ya gitaa na fazi hukatika. Kutokana na hali hiyo, desturi ya kuiweka fazi mapema katika mnyororo ilijengeka, na kila kifaa kipya kikalazimika kutafuta nafasi nyuma yake.

Kifaa kimojawapo kilikuwa Uni-Vibe, iliyobuniwa na mhandisi Fumio Mieda wa kampuni ya Shin-ei nchini Japani mwishoni mwa miaka ya 1960. Balbu iliyopepesa katikati ya kinzani nne zenye hisia ya mwanga ilisogeza fezi ya sauti kwa ngazi nne. Jimi Hendrix aliitumia Woodstock mwezi Agosti 1969, na tena katika maonesho ya Fillmore East, New York, yaliyoangukia mkesha wa mwaka mpya wa 1970. Mpangilio wake unaofahamika zaidi ulianza na pedali ya wah, ukafuatiwa na Fuzz Face, kisha Uni-Vibe, kisha vikuza sauti vya Marshall.

Mpangilio huu hutolewa mara kwa mara kuwa ushahidi kwamba modulisheni huja baada ya mkwaruzo. Ushahidi huo ni nusu. Vikuza sauti vya Marshall alivyovitumia vilifunguliwa kwa sauti kubwa sana, navyo vilikuwa vikikwaruza vyenyewe. Uni-Vibe ilikuwa baada ya mkwaruzo wa fazi na kabla ya mkwaruzo wa valvu. Kifaa kimoja, wakati mmoja, kilikuwa baada na kabla. Anayeuliza iwapo Hendrix aliweka modulisheni kabla au baada ameuliza swali ambalo halijakamilika kisarufi.

Uni-Vibe iliongeza utata wa majina pia. Swichi yake ilikuwa na sehemu mbili, korasi na vibrato. Katika sehemu ya vibrato, ishara asilia iliondolewa na kubaki ile iliyogeuzwa. Katika sehemu ya korasi, ishara hizo mbili zilichanganywa. Korasi hiyo si ile ambayo kizazi kilichofuata kingeielewa kwa neno hilohilo.

5. Miaka ya 1970: njia zinaachana

Mwaka 1974 kampuni ya MXR ya Rochester, New York, ilitoa Phase 90, pedali ndogo ya rangi ya chungwa yenye kitufe kimoja. Eddie Van Halen aliiweka mbele ya Marshall iliyofunguliwa mpaka mwisho, na albamu ya kwanza ya bendi yake, iliyotoka mwaka 1978, ilieneza sauti hiyo duniani. Hapo modulisheni ilikuwa kabla ya mkwaruzo bila shaka, kwa sababu mkwaruzo wenyewe ulitoka katika kikuza sauti. Mwendo wa feiza haukusikika kama wimbi juu ya sauti. Ulisikika kama rangi ndani yake.

Katika miaka hiyohiyo, David Gilmour wa Pink Floyd alitumia Electric Mistress, flenja ya Electro-Harmonix iliyotoka mwaka 1976, baada ya fazi ya Big Muff. Vikuza sauti vyake vilikuwa na uwezo mkubwa wa kubaki safi, kwa hiyo mkwaruzo ulitoka kwenye pedali na flenja ikapita juu yake. Wapigaji hawa wawili hawakutofautiana katika utii wa kanuni. Walitofautiana katika mahali mkwaruzo wao ulipoishi.

Korasi ilikuwa na sababu yake ya kukaa mwishoni. Kikuza sauti cha Roland JC-120, kilichotoka mwaka 1975, kilikuwa na hatua mbili za nguvu za wati 60 kila moja, na spika mbili za inchi 12. Spika moja ilitoa sauti asilia na nyingine ikatoa sauti iliyogeuzwa. Sauti hizo zilichanganyika hewani, mbele ya msikilizaji. Mwaka 1976 saketi hiyo ilitolewa kama pedali, Boss CE-1, yenye matundu mawili ya kutolea sauti. Kifaa kinachoigawa sauti katika njia mbili kikiwekwa mapema, kila kinachofuata lazima kiwe na njia mbili pia, la sivyo mgawanyo wote unapotea. Korasi ikawa ya mwisho kwa sababu za kebo na gharama kwa kiwango kilekile cha sababu za sikio.

6. Kitanzi cha athari na kuzaliwa kwa kanuni

Mabadiliko yaliyoigeuza desturi kuwa kanuni yalitokea ndani ya kikuza sauti. Katika miaka ya 1970, watengenezaji kama Mesa/Boogie, na Marshall kwa toleo lake la mwaka 1975 lenye kitufe kikuu cha sauti, waliwezesha mkwaruzo kupatikana katika hatua ya awali bila kulazimisha hatua ya nguvu kufanya kazi kwa upeo. Mpigaji aliweza kupata mkwaruzo mkali kwa sauti ndogo. Lakini pedali zote zilizokuwa mbele ya kikuza sauti sasa zilikuwa kabla ya mkwaruzo huo. Mwangwi ulivurugika, na korasi ikapoteza uwazi wake.

Suluhisho lilikuwa kitanzi cha athari: tundu moja la kutolea ishara baada ya hatua ya awali, na jingine la kuirudisha kabla ya hatua ya nguvu. Katika miaka ya 1980 kitanzi hicho kilikuwa jambo la kawaida katika vikuza sauti vingi, na pamoja nacho ukaenea ushauri wa kuweka modulisheni na mwangwi humo. Ushauri huo ulikuwa sahihi kwa vikuza sauti vilivyouzaa. Ulipoandikwa upya na kufupishwa, sharti lake liliachwa. Kilichokuwa "baada ya mkwaruzo wa hatua ya awali, kama unataka korasi iwe wazi" kikawa "baada". Leo, katika vifaa vya kidijitali ambamo pedali tano zinaweza kupangwa kwa njia 120 kwa kusogeza kidole, mpangilio wa miaka ya 1980 mara nyingi bado ndio unaomsubiri mtumiaji anapowasha kifaa.

7. Maana ya historia hii kwa istilahi za Kiswahili

Muziki wa dansi wa Tanzania na Kenya, pamoja na rumba ya Kongo, umejenga msamiati wake wa gitaa: solo, rithimu, besi. Msamiati huo unagawanya kazi za wapigaji, na sauti ya magitaa hayo kwa kiasi kikubwa ni safi. Kanuni ya kuweka modulisheni baada ya mkwaruzo ina uzito mdogo pale ambapo mkwaruzo haupo. Kwa mpiga solo wa mapokeo hayo, swali lenye maana zaidi ni uhusiano wa modulisheni na mwangwi: je, mwangwi urudie sauti iliyokwisha kutikiswa, au mtikiso uupitie mwangwi wenyewe? Mwalimu anayetafsiri mwongozo wa kigeni neno kwa neno humpa mwanafunzi wake jibu la swali la mtu mwingine.

Hatari ya pili imo katika majina. Kiswahili kikikopa "tremolo" na "vibrato" kutoka kwenye paneli za vifaa, kitakopa pamoja nayo kosa la mwaka 1954. Yapo maneno yanayotosha kuepuka hali hiyo. "Mtikiso wa ukubwa" na "mtikiso wa kidatu" ni vifungu vinavyojieleza. Anayevisikia hahitaji kujua ni kampuni gani iliyotengeneza kifaa. Jina la kibiashara linaweza kubaki kama lilivyo, likiwa jina la kitu na si la dhana. Kwa korasi, ni muhimu maandishi yabainishe iwapo inakusudiwa ile ya kusogeza fezi au ile ya kuchelewesha sauti, kwa kuwa neno limebeba zote mbili.

Hatari ya tatu ni ya kisarufi. Kila agizo la mpangilio linapaswa kutaja pande zote mbili. Sentensi "Weka feiza baada" haina budi kukamilishwa: baada ya fazi, lakini kabla ya hatua ya awali inayokwaruza. Urefu huo wa maneno ni sehemu ya maarifa yenyewe.

8. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonesha kuwa nafasi ya vifaa vya modulisheni ilifuata nafasi ya mkwaruzo. Mkwaruzo ulipokuwa katika valvu za nguvu, modulisheni ya pedali ilikuwa kabla yake. Ulipokuwa katika fazi, modulisheni ilikuja baada. Ulipohamia katika hatua ya awali, kikuza sauti kilitobolewa matundu mawili ili modulisheni iufuate huko. Spika ya Leslie na korasi ya njia mbili zilikaa mwishoni kwa sababu ya maumbile ya vifaa vyenyewe. Hakuna hatua yoyote kati ya hizo iliyoanza na kanuni. Kanuni iliandikwa baadaye, kisha ikasomwa kana kwamba ilitangulia.

Kwa mwandishi wa Kiswahili wa vitabu vya teknolojia ya muziki, funzo ni kwamba kutafsiri agizo bila sababu yake ni kutafsiri nusu. Mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza "mkwaruzo wangu uko wapi?" ataweza kupanga mnyororo wowote, hata wa kifaa ambacho bado hakijatengenezwa. Aliyefundishwa neno "baada" pekee atabaki akingoja nomino inayofuata.